Maji ya Shela, Makaa ya Kwasasi
Katika kisiwa cha Lamu, ambacho mji wake mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, madhara ya ujenzi uliopita kiasi huonjwa kisimani kabla ya kuonekana ufukweni. Vilima vya mchanga vya Shela huchuja maji ya mvua na kuyahifadhi chini yake, yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hiyo nyumba zinazojengwa juu ya vilima hivyo huipunguzia mvua njia ya kupenya, na maji yakivutwa kwa wingi, chumvi hupanda hadi ndooni. Ndiyo maana wakazi huvitetea.

Utetezi huo ulivuka pia hadi bara, Kwasasi, palipokusudiwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Kufuatia rufaa ya wakazi na shirika la Save Lamu, baraza la kitaifa la mashauri ya mazingira lilifuta leseni yake tarehe 26 Juni 2019, hasa kwa sababu (na hapa ndipo penye uzito) wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi unaotakiwa kisheria kabla mradi haujaanza.