Je, Wajua? Kigoga Cheupe cha Minazi

Kwenye mashina ya minazi na michikichi huota kimmea kifupi chenye rangi ya kijani iliyopauka. Wengi hukidhania ukungu. Wanasayansi hukiita Octoblepharum albidum, na ni kati ya vigoga vilivyo rahisi mno kuvitambua katika nchi za joto.

JE, WAJUA KWAMBA…

• Kigoga hiki kina majani? Kila jani lina urefu wa milimita chache, ni jembamba kama utepe na ncha yake ni butu. Kuvumwani inayotanda jirani yake kwenye gome haina jani wala shina.

• Weupe wake si ugonjwa? Sehemu kubwa ya jani ni seli zilizokufa, tupu, zilizopangana tabaka kwa tabaka. Seli hai zenye klorofili ni safu moja tu, iliyobanwa katikati.

• Seli hizo tupu ni ghala la maji? Zina vitundu. Mvua ikinyesha hujaa, na ukijani wa ndani hujitokeza. Jua likiwaka huingia hewa, na weupe hurudi.

• Majani yake hayajikunji yakikauka? Vigoga vingi husinyaa. Hiki hubaki kimenyooka, kinene, na majani yake hukatika upesi ukiyagusa.

• Kuvunjika si hasara kwake? Kipande cha jani kikiangukia penye unyevu huweza kuota upya.

• Alama yake kuu ni meno manane? Juu ya kikonyo kifupi hukaa kibweta cha spora. Kifuniko kikidondoka, meno huonekana yamezunguka mdomo. Vigoga vingi vina 16.

• Hakiunyonyi mnazi? Hakina mizizi, kina nyuzi za kujishikiza tu. Chakula hujitengenezea chenyewe kwa mwanga, basi hakuna sababu ya kukikwangua.

• Jina lake lina zaidi ya miaka 200? Limo katika kitabu cha daktari Johann Hedwig kilichotoka mwaka 1801, miaka miwili baada ya kifo chake. Kitabu hicho ndicho mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya takriban vigoga vyote.

• Kimeenea Afrika, Asia, Amerika na visiwa vya Pasifiki?

Ukitaka kukihakikisha, chukua lenzi ya mkononi: tazama kwanza weupe, kisha unene wa jani, halafu hesabu meno. Yakiwa manane, umekipata.