Nani Anayeituza Mashine?

Mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa ubao wa Go kutoka Korea Kusini, michezo 4 kwa 1. Mwaka uliofuata ikaja AlphaGo Zero, ambayo haikuonyeshwa mchezo hata mmoja wa binadamu. Ilicheza dhidi ya nafsi yake, ikituzwa kila iliposhinda, mpaka ikaipita ile ya kwanza. Ujifunzaji huo kwa tuzo ndio uliowapa watafiti wengi matumaini ya akili mnemba ya jumla, yaani mashine inayoweza lolote aliwezalo mtu. Mwaka 2021 watafiti David Silver, Richard Sutton na wenzao waliandika kwamba tuzo yatosha. Naona wanalipita upesi mno swali la nani anayeitoa.

Katika Go, mwamuzi ni kanuni za mchezo. Mama wa Kibera, mtaa wa Nairobi, akiuliza amfanyie nini mtoto anayeharisha, hakuna kanuni inayolipa jibu alama. Ndiyo maana maabara zikawarudia watu. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilieleza jinsi watathmini wapatao 40 walivyolinganisha majibu, na chaguo zao zikawa msingi wa tuzo. Modeli ya lugha ya parameta bilioni 1.3 iliyofunzwa hivyo ilipendwa kuliko GPT-3 yenye bilioni 175! Nairobi inaijua kazi ya aina hii. Mwaka 2018 BBC iliripoti kuhusu wakazi wa Kibera walioajiriwa na kampuni ya Samasource, sasa Sama, kuweka alama kwenye picha za kufunza magari yanayojiendesha, kwa dola 9 hivi kwa siku. Januari 2023 jarida la TIME likafichua kwamba wafanyakazi wa Sama walipewa kazi ya kusoma maandishi ya ukatili na ya kudhalilisha watoto ili OpenAI ipate kichujio cha maandishi kama hayo, wakilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Kichujio si tuzo, lakini vyote viwili husimama juu ya uamuzi wa mtu: hili linafaa, lile halifai.

Wapo wanaosema zama za kutegemea uamuzi wa watu zinapita. Januari 2025 kampuni ya DeepSeek ilionyesha modeli ya R1-Zero ikijifunza kufikiri kwa majibu yanayokaguliwa na programu tu, kama ya hesabu. Hoja hiyo ina uzito, na katika hesabu naikubali. Ila maswali mengi ya mkazi wa Kawangware hayana jibu moja la kukaguliwa: jibu zuri hutegemea anayeuliza, Sheng anayoongea na pesa alizo nazo. Modeli nyingine ikipewa uamuzi, nayo imejifunza kwa watu, na imerithi upofu wao. Watu hao wenyewe wameanza kujisemea: Mei 1, 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za aina hii walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Pamoja na malipo ya haki na tiba ya akili, wanastahili kuandikwa katika ripoti za kitaalamu: ni wangapi, wanatoka wapi, wanajua lugha gani, walipewa maagizo gani. Bila hayo, hakuna mtafiti awezaye kueleza mashine imetuzwa kwa kumridhisha nani.