Picha ya Titi Haisomwi na Mtu Mmoja

Mwezi huu tunazungumzia kansa ya titi kwa upande ambao mara nyingi tunausahau: kazi ya kuipiga picha na kuichunguza.

Miaka mingi iliyopita tulimpokea wodini mama aliyetoka hospitali nyingine. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa yenye picha ya titi. Picha ilikuwa safi, lakini haikuwa na barua, wala tarehe, wala alama ya titi la kulia au la kushoto. Aliyeipiga alifanya kazi yake. Sisi nasi tulikuwa tayari kusaidia. Ila katikati hapakuwa na mtu wa kutuunganisha. Tulianza upya, na wiki tatu zikapotea. Kwa mgonjwa wa kansa, wiki tatu si kitu kidogo.

Wanawake 49,528

Nilimkumbuka mama huyo niliposoma juu ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada. Kati ya mwaka 2001 na 2003, wanawake 49,528 wasio na dalili yoyote waliandikishwa katika vituo 33. Aliyeongoza kazi hiyo ni daktari bingwa wa picha, mama Etta Pisano. Swali lilikuwa hili: je, picha ya titi inayopigwa kwa kompyuta inaigundua kansa vizuri kuliko ile ya filamu ya zamani?

Kila mwanamke alipigwa picha za aina zote mbili. Daktari mmoja alisoma ya filamu, na mwingine ya kompyuta, bila kuambiana walichoona. Kwa njia hiyo hakuna aliyeweza kumfuata mwenzake.

Kila mtu na kazi yake

Sasa fikirini, vituo 33 vinawezaje kufanya kazi kama kituo kimoja? Wauguzi na waratibu waliwaeleza akina mama utafiti huo na kupata ridhaa yao. Wapiga picha walilipanga titi kwenye mashine kwa namna moja kila mahali. Wataalamu wa fizikia walizipima mashine, kwa maana mashine mbovu katika kituo kimoja ingeweza kuonekana kama ubovu wa njia yenyewe. Madaktari wa maabara walichunguza kwa darubini vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye uvimbe. Mwisho watakwimu walijumlisha yote.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kufuatilia. Picha ikisomwa kuwa ni safi, utajuaje kwamba ni safi kweli? Sharti umwone mama huyo tena baada ya miezi mingi. Ndiyo maana hesabu ya mwisho ilibaki na wanawake 42,760 tu ambao taarifa zao zilitimia. Kati yao 335 walikutwa na kansa.

Walichokiona

Majibu yalitoka mwaka 2005. Kwa wanawake wote kwa ujumla, njia hizo mbili zililingana. Lakini picha ya kompyuta ilikuwa bora kwa wanawake walio chini ya miaka 50, kwa wale ambao hedhi haijakoma au ndiyo kwanza inaelekea kukoma, na kwa wenye matiti yaliyoshikamana ndani. Sababu yake ni hii: nyama iliyoshikamana huonekana nyeupe kwenye picha, na kansa nayo ni nyeupe. Filamu ikishasafishwa haibadiliki tena. Picha ya kompyuta huweza kuongezwa au kupunguzwa weupe na weusi mpaka kilichojificha kionekane.

Hilo lisingejulikana kama kila kituo kingefuata desturi zake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sisi nyumbani tufanye nini?

Wengi wetu tuko mbali na mashine hizo. Hata hivyo, mafunzo yake yanatuhusu:

1. Ukigusa uvimbe kwenye titi, au chuchu ikitoa damu au kuingia ndani, nenda hospitali mapema. Usingoje maumivu, maana kansa ya titi mara nyingi huanza bila maumivu.

2. Tunza picha zako zote za zamani, na uende nazo kila unapotibiwa. Daktari hulinganisha ya jana na ya leo.

3. Ukipewa rufaa, usiondoke bila barua. Hakikisha jina lako, tarehe na upande wa titi vimeandikwa.

4. Uliza majibu yatatoka lini, na nani atakupa. Siku hiyo ikipita, rudi ukaulize. Usidhani kwamba kimya maana yake ni salama.

5. Picha peke yake haithibitishi kansa. Kinachothibitisha ni kipimo cha nyama. Na kama uvimbe unaugusa lakini picha inasema hakuna kitu, mwambie daktari aendelee kuchunguza.

Akina baba, msimwachie mama bahasha yake peke yake. Msindikizeni, na siku ya majibu muwepo.