Usiende Magadi na gari moja

Umeazima 4x4 ya mjomba na mabeshte washajaa nyuma? Tulia kwanza. Ziwa Magadi, kama kilomita 110 kutoka Nairobi, hudanganya: juu magadi meupe makavu, chini tope la kumeza tairi nzima.

Nendeni magari mawili au zaidi, na asubuhi iwe ya mazoezi mahali pakavu. Kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi hadi psi 20 hivi, tumia gia ya chini, usikanyage mafuta ovyo. Likianza kuzama, simama, shuka, chimba. Ukizidisha mafuta unajizika. Njia muulize mchungaji wa hapo, si simu. Na pampu usisahau: kurudi kwenye lami na tairi laini ni hatari.