Kazi Uitakayo na Njia ya Kuifikia

Msafiri apandaye gari la moshi Dar es Salaam, akashika Reli ya Kati kwenda bara, hana haja ya kufikiri sana mpaka afike Tabora. Morogoro apita, Dodoma apita, Manyoni apita, na njia ni ile ile moja. Lakini Tabora reli yagawanyika. Mkono mmoja waendelea magharibi hata Kigoma, ulikofika mwaka 1914. Mkono wa pili wageuka kaskazini hata Mwanza, ulikofika mwaka 1928. Abiria wa Mwanza akilala usingizi katika behewa la Kigoma, huenda asiwepo mtu wa kumwamsha. Asubuhi atafumbua macho na kuona nchi siyo ile aliyoitazamia, wala hawezi kusema kwamba reli imemdanganya.

Masomo nayo yana Tabora zake, tena si moja. Wengi wenu mnazikaribia sasa, na wengi waliowatangulia walizipita wamelala. Basi yafaa tuzitazame mapema.

Ukiwauliza watoto wa darasa la saba watakuwa watu gani wakiisha kukua, majibu huja upesi: daktari, rubani, mwanasheria, mwalimu, mhandisi. Si majibu mabaya. Lakini uliza tena, "Daktari husoma miaka mingapi? Hutakiwa kujua masomo gani?" Hapo kimya huingia. Jina la kazi wanalo, njia yake hawaijui. Na njia hiyo ni rahisi kuihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma, kama afanyavyo mkulima: mvua zitaanza mwezi fulani, basi shamba liwe limelimwa mwezi uliotangulia, na jembe liwe limetiwa mpini kabla ya hapo.

Tujaribu kwa udaktari, katika Tanzania. Daktari husoma chuo kikuu miaka 5, kisha hufanya kazi mwaka 1 hospitalini chini ya madaktari waliomtangulia. Lakini chuo kikuu hakimpokei mtu kwa kuwa atamani tu. Hutaka awe amefaulu vema mtihani wa kidato cha sita katika fizikia, kemia na biolojia. Basi kidato cha tano na cha sita hapana budi awe katika tahasusi ya masomo hayo matatu. Ili apokewe katika tahasusi hiyo, hapana budi awe ameyafaulu katika mtihani wa kidato cha nne. Na ili ayafanyie mtihani huo, sharti asiwe ameliacha hata moja alipoingia kidato cha tatu. Maana kwa desturi ya miaka mingi, hapo ndipo mwanafunzi aliporuhusiwa kuacha fizikia na kemia.

Tazameni tulipofika! Tulianza na mtu mzima aliyevaa koti jeupe, na sasa tumemkuta mtoto wa miaka 15 au 16, ameketi darasani akichagua masomo. Hapo ndipo udaktari unapoanza kupatikana au kukosekana. Jumlisheni pia miaka: 4 ya kidato cha kwanza hata cha nne, 2 ya cha tano na cha sita, 5 ya chuo kikuu, na 1 ya hospitalini, jumla 12. Wala sikuhesabu miezi ya kungojea majibu ya mitihani.

Wako wasioweza kungoja miaka 12, kwa sababu za nyumbani ambazo si aibu. Hao wana njia nyingine. Afisa tabibu husoma chuo miaka 3 baada ya kidato cha nne, akapata stashahada. Naye ndiye ambaye mgonjwa wa kijijini aghalabu humwona kwanza katika zahanati. Muuguzi naye aweza kupita njia kama hiyo. Tena afisa tabibu aliyefaulu vema chuoni aweza baadaye kuomba nafasi ya kusomea udaktari, ingawa hapo alama zake za kidato cha nne hutazamwa tena. Alama hizo humfuata mtu kama kivuli. Sasa angalieni: vyuo vya stashahada ya uuguzi na ya utabibu hutaka mwombaji awe amefaulu walau masomo manne ya kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini, na miongoni mwake ziwemo kemia, biolojia na fizikia.

Tuseme yupo msichana atakaye kuwa muuguzi. Kidato cha pili fizikia yamwelemea. Asema moyoni, "Muuguzi hutunza watu, hatengenezi mitambo. Fizikia ni ya nini kwangu?" Aiacha. Miaka miwili baadaye afaulu mtihani wake kuliko wenzake wengi, na wazazi wafurahi. Achukua cheti, aomba nafasi katika chuo cha uuguzi, na jibu larudi kwamba hakutimiza masharti. Hakukataliwa kwa uvivu wala kwa ujinga. Mlango ulifungwa siku ile alipoacha somo moja, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba pale palikuwa njia panda. Kweli, aweza kulifanyia mtihani somo lile kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wako wafanyao hivyo. Lakini huo ni mwaka mwingine na fedha nyingine, na fizikia ya kujifunza peke yako ni ngumu kuliko ile unayofundishwa na mwalimu aliye mbele yako. Na hata hoja yake haikuwa sawa, maana kupima shinikizo la damu ya mgonjwa, na kujua kwa nini chupa ya dripu hutundikwa juu ya kitanda, hiyo ni fizikia tupu.

Labda msomaji atasema, "Mimi sijui bado nitakuwa nani." Hilo si kosa, kwa umri wenu ni jambo la kawaida. Asiyejua aendako na akae katika behewa linaloweza kugeuzwa kokote, yaani asiache upesi somo lifunguzalo milango mingi. Kwa maoni yangu la kwanza ni hesabu. Seremala, mhasibu, mpima ardhi, rubani na mwenye duka, wote huzitumia kila siku. La pili ni lugha: Kiswahili safi, na Kiingereza cha kutosha kusoma kitabu kigumu bila kukitupa. Mwanafunzi asemaye "mimi si mtu wa hesabu" akiwa na miaka 13 ajihukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Siku hizi njia panda moja imesogezwa karibu nanyi. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, na mtaala ulioanza kuingia shuleni mwaka 2024, elimu ya sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Katika mkondo wa amali mwanafunzi hujifunza ufundi pamoja na masomo mengine. Wako wazazi wadhanio kwamba ufundi ni wa walioshindwa. Hayo ni mawazo ya zamani, na yamewapoteza vijana wengi waliokuwa na mikono myepesi. Fundi umeme asiyejua kukokotoa nguvu za umeme ataunguza nyumba ya watu; basi huyo ameshindwa nini? Hata nje ya sekondari viko vyuo vya VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyeti vyake vina ngazi tatu, mtu akipanda moja baada ya nyingine.

Lakini kabla ya kuchagua kazi, nenda ukaitazame. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Omba ruhusa kwa mzazi na kwa mwalimu, uende zahanati, karakana, au ofisi ya mtendaji wa kata, siku isiyo na watu wengi. Mwamkie mwenye kazi kwa adabu, umwombe dakika chache. Mwulize alisoma masomo gani, miaka mingapi, na nani alimlipia. Kisha mwulize ni sehemu gani ya kazi yake asiyoipenda. Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Muuguzi atakwambia juu ya zamu za usiku, na wingi wa maandishi; mwalimu atakuonyesha furushi la madaftari ya kusahihisha. Ukisikia hayo na bado wapenda, tamaa yako ina mizizi.

Na je, mtu akiishika njia sawasawa, atafika tu? Si kila mara. Yafaa mjue habari za Wangari Maathai wa Kenya. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alianza shule akiwa na miaka 8, baada ya kaka yake Nderitu kumwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mwaka 1959 alimaliza Shule ya Wasichana ya Loreto, Limuru. Wakati ule msichana aliyefika hapo alitazamiwa awe mwalimu au muuguzi. Yeye alitaka kuendelea na masomo. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa vijana wa Kenya, karibu 300, waliopelekwa kusoma Marekani. Chuoni huko Kansas somo lake kubwa lilikuwa biolojia, na kando yake alijifunza kemia na Kijerumani, akapata shahada mwaka 1964. Kisha akasoma shahada ya pili huko Pittsburgh, akajifunza kutayarisha vipande vyembamba vya mwili wa mnyama ili vitazamwe kwa hadubini.

Mwaka 1966 akarudi Nairobi, akiwa na ahadi ya kazi mkononi. Alipofika akaambiwa kwamba kazi ile amepewa mtu mwingine. Fikirini uchungu wake: njia yote ameipita bila kosa, na mlango wa mwisho wafungwa usoni pake. Lakini Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, alikuwa akianzisha pale Nairobi idara ya anatomia katika masomo ya udaktari wa mifugo, naye alihitaji msaidizi mwenye ujuzi ule ule wa hadubini. Wangari akaajiriwa. Mwaka 1967 akaenda Ujerumani kuendelea na uchunguzi wake, na Kijerumani cha Kansas, ambacho pengine watu walikiona cha anasa, kikamfaa. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yake ya kupanda miti na kutetea watu, kazi ambayo haikuwamo katika mpango wake wa kwanza hata kidogo.

Jambo la fedha nalitaja kwa ufupi, maana lawahusu zaidi wazazi wenu. Katika shule za serikali za Tanzania ada iliondolewa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita. Kwa chuo kikuu iko Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Lakini mkopo ni deni, nao hukatwa katika mshahara.

Sasa twaeni karatasi moja. Upande wa kushoto andika kazi tatu uzipendazo, si moja. Katikati, mbele ya kila kazi, andika masomo yatakiwayo, na upande wa kulia miaka ya kusoma. Mahali usipojua pache wazi, umpelekee mwalimu. Kisha pigia mstari kila somo linalotokea mara mbili au tatu. Hayo ndiyo usiyaache. Karatasi itie katika jalada la daftari lako, uitoe kila mwisho wa mwaka. Ukibadili nia juu ya kazi fulani, usiifute kabisa, ila uipitishie mstari mmoja mwembamba, ili jina lake liweze kusomeka bado.