Kioo Juu ya Kioo: Unalipia Nini Unaponunua Protekta?

Kwenye meza za vifaa vya simu za Temeke, kuanzia Tandika hadi Mbagala Rangi Tatu, protekta zinauzwa kwa namba. Boksi moja limeandikwa 9H, la pembeni yake 9D, la juu kabisa 21D, na kila namba inapopanda, muuzaji naye anaongeza buku. "Dada, hii hata uigonge na nyundo," anasema, na wapo wanaoigonga kweli mbele yako kwa mpini wa bisibisi. Mnunuzi mwenye akili azisahau kwanza namba hizo.

9H ni kipimo cha penseli, hizi hizi za mbao. Ile HB ambayo mtoto wa darasa la saba anasilibia majibu ya mtihani iko katikati ya ngazi. Upande mmoja penseli zinalainika hadi 9B, upande wa pili zinakuwa ngumu hadi 9H. Kipimo chenyewe ni cha watu wa rangi: penseli inainamishwa nyuzi 45, inakandamizwa kwa uzito wa gramu 750, inasukumwa, kisha wanatazama kama rangi imechubuka. Kioo kinachoitwa 9H ni kioo ambacho penseli ngumu kuliko zote haikukichubua. Hata kioo cha dirisha la nyumba yako kinafaulu mtihani huo. Wengi hudhani hiyo 9 inatoka kwenye ngazi ya Mjerumani Friedrich Mohs, ya mwaka 1812, ambayo almasi inashika 10, na kwamba protekta yao iko hatua moja tu chini ya almasi. Kwenye ngazi ya Mohs kioo kinakaa kwenye 5 na nusu hadi 6 na nusu hivi. Kwarzi, yale madini yaliyojaa kwenye mchanga wa kawaida, iko 7.

Na hizo D hazina kipimo chochote. Kioo kina urefu, upana na unene, basi. Zilizobaki ni za mchapaji wa maboksi.

Kinachofuata ni cha maana zaidi kwa mtu wa Temeke. Funguo na sarafu, ambazo tunazitenga na simu kwa uangalifu mkubwa, haziwezi kukikwaruza kioo kirahisi, kwa sababu ni laini kuliko kioo. Mchanga unaweza. Mchanga wa Buza, wa Mbagala, wa uwanja wa mpira, unaoingia mfukoni na kukaa kwenye pindo ndio unaochora ile mistari myembamba unayoiona simu ikielekezwa juani. Mistari hiyo haiharibu sura tu. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotarajiwa: ufa huanzia kwenye mikwaruzo midogo iliyokuwepo tayari. Simu yenye mikwaruzo ikianguka kimo kile kile na isiyo na mikwaruzo, haziko sawa. Kazi ya kwanza ya protekta, basi, ni kupokea mikwaruzo kwa niaba ya kioo chako. Kupokea kishindo ni kazi ya pili, na haiifanyi vizuri kama inavyosifiwa: simu nyingi hutua kwa kona, na kona inalindwa na kava lenye ukingo uliopanda juu ya kioo. Mwenye shilingi 8,000 mkononi akiniuliza, nitamwambia anunue kava la 5,000 na protekta ya 3,000, kuliko protekta ya 8,000 kwenye simu iliyo uchi.

Sasa bei. Kioo cha kawaida chenye gundi pembeni tu hupatikana kwa shilingi 2,000 au 3,000 na kubandikiwa juu yake. Cha gundi nzima ni 5,000 hivi. Privasi, kile kinachomzuia jirani asione, kinaanzia karibu 10,000. Cha kubandikwa kwa taa kwa ajili ya simu zilizopinda pembeni kinaweza kuvuka 20,000, kutegemea simu na jinsi unavyojua kuongea na muuzaji. Tofauti ya 2,000 na 5,000 ina maana. Tofauti ya 5,000 na ile "21D" ya 10,000, kwenye simu bapa, sijaiona inakotoka.

Maana yenyewe iko kwenye gundi. Protekta ya gundi pembeni imeshikwa na fremu nyeusi peke yake; katikati kuna hewa kati ya vioo viwili. Ukiigusa inabonyea kidogo, wakati mwingine tachi inachelewa, na vumbi likipata njia pembeni linajipanga humo ndani kama vile limekodi chumba. Kishindo kikija, kioo kilichoning'inia hewani kinapasuka upesi. Ya gundi nzima imelala juu ya simu yote. Namna ya kuitambua kabla hujalipa: itoe kwenye boksi, iinamishe kwenye mwanga, tazama karatasi ya nyuma. Kama kung'aa kwake ni sawasawa uso wote, gundi ni nzima. Kama kuna mpaka unaofuata fremu, ni ya pembeni, hata boksi liseme nini.

Jaribio lingine halina gharama: tone la maji. Kioo kilichopakwa ule utando unaozuia alama za vidole hulifanya tone libaki duara na kuteleza. Kisichopakwa, tone linatandazika. Utando huo huisha kwa matumizi hata kwenye kioo kizuri, lakini kisichokuwa nao tangu siku ya kwanza kitakupa kazi ya kufuta simu kwa kanga kila saa.

Tufanye hesabu kwa simu mbili. Ya kwanza ni Tecno, Infinix au itel ya bei ya chini, kioo bapa cha LCD. Tuseme fundi wako anabadilisha kioo chake kwa 60,000. Ya pili ni Samsung ya daraja la kati yenye AMOLED; tuseme kioo chake ni 180,000. Weka bei za fundi wako, hesabu inabaki ile ile. Ukibandika protekta ya 3,000 mara nne kwa mwaka, umetumia 12,000, yaani sehemu moja ya tano ya kioo cha simu ya kwanza, na sehemu moja ya kumi na tano ya kioo cha simu ya pili. Kwa simu ya pili hakuna ubishi. Kwa simu ya kwanza, ambayo kioo chake kinabadilishika bila kuuza mbuzi, protekta ya bei ndogo inatosha kabisa, na sioni sababu ya kuipa privasi ya 15,000. Kioo cha bei kubwa kikipata ufa wiki ya pili kimekwisha sawa na cha bei ndogo. Tofauti ni maumivu.

Tukija kwenye aina nyingine za protekta, seramiki inasifiwa kwamba haivunjiki, na ni kweli, kwa sababu ni plastiki. Jina ni la kauri, mali ni ya plastiki inayopinda. Ile isiyong'aa inafaa kwa dereva wa bodaboda anayesoma ramani jua la saa saba, na inasamehe ubandikaji mbaya. Lakini inakwaruzika, na picha inapoteza ukali.

Haidrojeli ni plastiki laini inayokatwa na mashine mbele yako kufuata umbo la simu. Faida yake kubwa ni kwa mwenye simu ambayo protekta zake za kioo hazipatikani mtaani, maana mashine ina orodha ndefu ya simu. Inakubali pembe zilizopinda, na mikwaruzo midogo hujifuta yenyewe. Kwa kishindo haina msaada wa kutajwa, na kidole hakitelezi vizuri kama kwenye kioo.

Privasi ina vipazia vidogo mno vya giza vilivyosimama ndani yake, vinavyoruhusu mwanga utoke mbele tu. Kwenye daladala la Mbagala ambalo bega la mtu liko shavuni kwako wakati unaweka namba ya siri ya M-Pesa, ni ulinzi wa kweli. Gharama yake ni giza: unapandisha mwanga, betri inaisha mapema, na mchana juani unahangaika. Nyumbani watoto watatu hawawezi kutazama katuni pamoja. Anayekaa katikati ndiye anayeona.

Simu zilizopinda pembeni ndizo zenye mtego. Kioo cha kawaida hakizikamati, kwa hiyo fundi anamwaga gundi ya maji, anaitandaza chini ya protekta na kuigandisha kwa taa ya zambarau, ile mionzi ya UV. Ikifanywa vizuri, hakuna protekta inayokaa safi kama hiyo. Ikifanywa kwa haraka, gundi inashuka pembeni na kuingia kwenye spika ya sikioni, kwenye maiki, kwenye vitufe vya sauti, kisha inagandia humo. Fundi anayestahili kulipwa 20,000 anaziba matundu hayo kwa selotepu kwanza, simu inalala kwenye meza iliyo sawa, na anafuta ziada kabla ya kuwasha taa kwa mara ya mwisho. Asiyeziba matundu, mwambie "Kaka, acha kwanza," uchukue simu yako. Haidrojeli ya nusu bei ni salama zaidi kuliko mkono wake.

Halafu kuna alama ya kidole iliyo chini ya kioo. Oktoba 2019 ilibainika kwamba simu za Samsung Galaxy S10 zilizowekewa protekta fulani za silikoni zilikuwa zinafunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Mwanamke mmoja Uingereza aligundua mumewe anaifungua simu yake. Michoro ya ile silikoni ilisomwa na simu kana kwamba ndiyo alama ya kidole yenyewe. Benki ya mtandaoni ya KakaoBank ya Korea Kusini iliwashauri wateja waache kutumia kidole, na Samsung ilitoa marekebisho ya programu mwezi huo huo. Tatizo lile lilirekebishwa, lakini zoea linabaki la kufuata, hasa kwa sisi ambao pesa ziko ndani ya simu: baada ya kubandika protekta mpya futa alama za zamani, sajili upya, kisha mpe simu mtu mwingine ajaribu kidole chake hapo hapo. Kama kidole chako mwenyewe ndicho kinachokataliwa, protekta ni nene mno au ina hewa katikati. Kwenye mipangilio ya Samsung nyingi kuna kiswichi cha kuongeza wepesi wa kugusa. Kiwashe kabla hujaanza kumlaumu fundi.

Je, uende Kariakoo? Wengi wanaouza Temeke huchukua mzigo huko kwa jumla, kwa hiyo bei inashuka ukisogea karibu na chanzo. Lakini nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwenda na kurudi ni 1,200 kwa bei hiyo, bila foleni. Kwa protekta moja ya 3,000 hakuna unachookoa. Kwa simu tano za familia, au kwa simu ya nadra, nenda.

Mkono wa kubandika nao una thamani, na pale ndipo mazingira yanapoingia. Meza iko barabarani, magari yanapita, vumbi linatua kwenye gundi ndani ya sekunde. Nenda asubuhi, au baada ya mvua, au chagua kibanda chenye ukuta pande tatu. Ukibandika nyumbani, zima feni na nyunyiza maji sakafuni kama unayetaka kufagia. Zima simu ili kioo kiwe cheusi na vumbi lionekane. Futa kwa spiriti, kausha kwa kitambaa kisichoacha manyoya, kisha gusagusa kwa selotepu uso mzima. Jaribu protekta ikiwa bado na karatasi yake ya nyuma, iweke sawa na tundu la kamera, ishikilie upande mmoja kwa vipande viwili vya selotepu ifunguke kama mlango. Ndipo ubandue karatasi na kuishusha. Bonyeza katikati mara moja, acha gundi itembee yenyewe. Viputo vya hewa vitaondoka vyenyewe ndani ya siku moja. Chenye kidoa katikati ni vumbi, hakiondoki. Inua upande ule, kitoe kwa selotepu, shusha tena.

Kabla fundi hajafungua boksi, mkubaliane mambo mawili kwa sauti: vumbi likiingia anabadilisha kwa gharama ya nani, na protekta ikipasuka mkononi mwake ni ya nani. Fundi mzuri atajibu bila kufikiri. Atakayesema "Anko, usijali" hajajibu.

Ikishapasuka, iondoe. Wengi huiacha miezi, kidole kinachanika, na ufa mmoja unageuka kumi. Ipashe kwa kiganja, ingiza kadi ya plastiki kwenye kona isiyo na ufa, sukuma polepole. Ukiona chini yake doa jeusi linalotambaa, hapo protekta haihusiki tena. Kioo kimemwaga wino, na safari yako ni ya kwa fundi simu.