Mtoto Mpweke Aambiwe Ukweli

Mwaka 1973 wazee wetu walisikiliza redioni kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Leo tuzungumzie jambo jingine la afya, ambalo halionekani upesi: upweke wa mtoto mdogo.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika nyumba za Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wako watoto waliobaki bila mama, baba au ndugu wa kucheza naye. Lakini upweke hauletwi na maafa tu. Huja pia baba anapohama na ng'ombe kutafuta malisho, mama anapojifungua mtoto mwingine, au mtoto anapochunga ndama peke yake kutwa nzima.

Mtoto mdogo hawezi kusema, "Mimi ni mpweke." Mwili ndio unaosema. Tumbo humuuma, hukataa chakula, hulia usiku, au huanza tena kukojoa kitandani. Kwanza mpelekeni zahanati apimwe. Kama hana malaria wala minyoo, msimchape. Fimbo humwongezea upweke.

Kosa letu watu wazima ni kuficha. Mama akifa, tunamwambia mtoto, "Mama amesafiri." Naye hukaa njiani akimngoja. Wengine husema, "Amelala." Basi mtoto huogopa kulala. Mtoto mdogo huenda asijue kwamba aliyekufa harudi. Pengine hudhani mama ameondoka kwa sababu yeye alikuwa mtundu. Mwambieni kwa maneno machache: "Mama amekufa. Hatarudi. Si kosa lako. Bibi atakaa nawe." Kesho atauliza tena. Mjibuni vilevile, bila kumkaripia.

Kama baba amesafiri kweli, mwambieni alikokwenda. Msiahidi siku ya kurudi msiyoijua.

Fanyeni na haya:

1. Mtu mmoja anayempenda akae naye kila jioni, hata kwa muda mfupi, amsikilize.

2. Wachungaji wadogo wachunge wawili wawili.

3. Aliyepata mdogo wake apewe kazi ndogo, kama kumletea mama kanga ya mtoto, kisha asifiwe.

4. Mfiwa arudi mapema shuleni na kwenye michezo. Mwalimu aelezwe habari zake.

Mtoto akipitisha wiki kadhaa bila kucheza, au akikonda, arudishwe zahanati. Akisema anataka kufa, aletwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.

Maswali ya kujadili darasani:

(a) Katika kijiji chetu ni watoto gani wanaoshinda peke yao?

(b) Nani atakayekaa nao jioni ya leo?